Lipu ya chokaa baada ya masika mawili: uzoefu wangu Mji Mkongwe

Nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, Unguja, katika kichochoro chembamba kisichopata jua zaidi ya saa mbili kwa siku, na ukuta wa chumba cha chini umenisumbua tangu nilipokabidhiwa funguo. Miaka sita iliyopita nilimlipa mkandarasi aupige lipu ya saruji na kuupaka rangi ya mafuta. Kazi iliisha kwa siku nne, nami nikajiona nimefanya jambo la maana. Masika ya kwanza yalipopita, rangi ilitoka malengelenge kimo cha kiuno. Ya pili yalipopita, lipu yenyewe ikawa inalia kama debe tupu ukiigonga kwa kidole, na hatimaye bamba la ukubwa wa sinia likaanguka nyuma ya kabati, likiwa limeng'oka pamoja na vipande vya jiwe.

Bamba hilo ndilo lililonifundisha. Kuta za nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na msingi wake hauna kizuizi chochote cha unyevu, kwa hiyo maji hupanda kutoka ardhini yakiwa na chumvi na kutafuta pa kutokea kwenye uso wa ukuta. Saruji haiyazuii kupanda. Inayafungia tu nyuma yake, chumvi inaganda humo na kusukuma, mpaka kilicho dhaifu kikatike. Katika ukuta wangu kilicho dhaifu kilikuwa jiwe. Lipu ya chokaa ni laini kuliko jiwe na hupitisha mvuke, hivyo ikibidi kitu kiharibike, huharibika lipu, ambayo kuirudia ni kazi ndogo.

Fundi mzee niliyempata safari hii alikataa kuanza kupiga lipu mara moja. Alibandua saruji yote, akaniambia, "Mwanangu, usinihimize, ukuta bado umelowa," kisha akauacha wazi kwa miezi mitatu, huku kila mgeni akidhani tumeishiwa fedha. Wakati huo chokaa yetu ilikuwa ndani ya pipa chini ya maji. Chokaa ni jiwe lililochomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi. Ikitiwa maji hutokota yenyewe, na ikiachwa iloweke kwa muda mrefu huwa laini kama samli iliyoganda. Mchanga niliouagiza mara ya kwanza fundi aliutia ulimini, akautema, akaurudisha, kwa sababu ulikuwa na chumvi. Alichanganya sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga, akapiga mikono miwili, yaani tabaka mbili, na kila alipomaliza alitundika magunia mabichi mbele ya ukuta kwa siku kadhaa, kwa maana chokaa hukazika polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, na ikikauka kwa pupa hubaki unga.

Rangi nayo ilikuwa chokaa, iliyozimuliwa mpaka ikawa nyepesi kama maziwa na kutiwa udongo mwekundu kidogo. Ikipakwa inaonekana kama maji machafu tu, nami siku ya kwanza nilidhani nimeibiwa. Ilipokauka ndipo rangi ilipojitokeza, inayokaribia ya pera lililopasuliwa. Tulipaka mikono mitano.

Masika mawili yamepita. Harufu ya ukungu iliyokuwa ikishika nguo kabatini imekwisha, kwani kuvu haipendi ukali wa chokaa, na hakuna mahali lipu ilipovimba. Chumvi bado inachomoza karibu na sakafu, nyeupe kama manyoya. Chokaa haikaushi ardhi, na anayeuziwa lipu hii kama dawa ya unyevu anadanganywa. Tofauti ni kwamba sasa naifagia kwa brashi kavu na kupaka mkono mmoja, na jioni moja inatosha.

Kasoro zipo. Kazi ilichukua wiki saba, bila kuhesabu miezi ya kusubiri, na ujira wa fundi ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa saruji. Chokaa mbichi huunguza: nilishika karai bila glovu nikapata vidonda vya vidole, na macho ni ya kulindwa zaidi. Shemeji yangu aliegemea ukuta akaondoka na baibui lenye mgongo mweupe. Mkono wa mwisho ulipakwa adhuhuri, ukakauka upesi mno, na ilibidi urudiwe jioni. Nyuma ya jiko nisingeipaka, maana haivumilii kitambaa na sabuni. Rangi ya mafuta juu yake ndiyo marufuku kabisa, kwa kuwa inarudisha kifungo kilekile cha saruji.

Mwenye nyumba ya matofali ya saruji iliyojengwa juzi hana sababu kubwa ya kuingia gharama hii, ila kama anaipenda sura yake. Mwenye kuta za matumbawe anayo, na kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, apitie kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kuita fundi.

Ukuta wa ngazini bado una saruji ya yule mkandarasi. Fundi ataubandua kaskazi ikianza, na pipa la pili la chokaa limeshafunikwa uani.