Tufe la BBC1: la kioo au la kompyuta?

BBC1, chaneli ya televisheni ya Uingereza, ilijitambulisha kati ya vipindi kwa picha ya dunia inayozunguka. Tufe la kioo (kioo cha kujitazamia) lilianza Novemba 1969, televisheni ya rangi ilipoingia BBC1. Lilikuwa kitu halisi: mpira uliochorwa mabara, unazungushwa na mota, nyuma yake kioo kilichobonyea kinachoivuta ramani kuwa bapa. Kamera iliyolipiga ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe; rangi iliongezwa na mitambo baadaye. Ndiyo maana tufe lilelile liliweza kubadilishiwa rangi bila kupakwa upya. Ubaya wake ni wa mashine yoyote: mota ikisita, dunia nzima inasita hewani.

Lililofuata, la kompyuta, la 18 Februari 1985, lilitolewa na saketi ya elektroniki, picha zake zikiwa kwenye chipu za kumbukumbu. Bahari ni ya buluu inayopitisha mwanga, mabara ya dhahabu, na mabara ya upande wa pili yanaonekana kwa ndani. Halitetemeki.

Kwa uzuri, la kioo linashinda. Mwendo wake una uhai.

Ukihamisha kanda za matufe haya kwenye kompyuta, tumia picha ya nukta 720×576 na uwiano wa 4:3 wa upana kwa urefu. Mistari ya PAL (mfumo wa televisheni ya rangi uliotumika Uingereza), ambayo kila fremu huichanganya kutoka nyakati mbili, itenganishwe kuwa fremu 50 kwa sekunde. Ukibakiza 25, mzunguko wa tufe la kioo unakatika-katika.