Mapango ya Amboni, Tanga: msiishie kwenye picha tu

Wadau mnaouliza kama Amboni panafaa kwenda, jibu langu panafaa sana, nyota nne. Kutoka Tanga mjini ni kama kilomita 8 barabara ya Mombasa, bodaboda anafika mpaka pale, elewaneni bei mapema na mwambieni awasubiri.

Ndani mtaonyeshwa mawe yenye sura za vitu, hili mamba, lile tembo, sawa inachekesha ila mimi baada ya dakika kumi nilishachoka, nikamwomba mwongozaji tusimame pale panapodondoka maji na hapo ndo utamu wenyewe. Mlima wote ule ni mawe ya chokaa yaliyotokea baharini, umri wake kama miaka milioni 150. Mvua ikinyesha maji yanapita kwenye udongo, yanabeba hewa ya ukaa, yanapata ukali kidogo, basi yanashuka huku yanalila jiwe taratibu. Yakitokea kwenye dari ya pango ile hewa inatoka, maji yanashindwa kubeba chokaa yote, kila tone linaacha utando kiduchu. Kinaanza kamrija kembamba chenye tundu katikati, tundu likiziba maji yanapita kwa nje ndo jiwe linanenepa. Tone likianguka nako chini linajenga, kinaota kisiki kinapanda, wakikutana wa juu na wa chini inakuwa nguzo. Spidi sasa! Mara nyingi ni kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, yaani urefu wa rula ya shule ni miaka 3,000 hivi, na ukame ukija linasimama kabisa.

Halafu mtu anakuja anakwangua jina lake na la mchumba wake ukutani, jamani!! Hata kushika tu msishike, mafuta ya mkono yanafanya chokaa isigande vizuri.

Zile stori kwamba pango linatokea Mombasa sijui Kilimanjaro zisikilizeni kwa raha zenu, wapimaji walioingia 1994 walikuta refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Kuna sehemu ya mzimu pia watu wanaweka sadaka, piteni kwa heshima.

Vaeni raba, bebeni tochi maana ya simu haitoshi, joto lipo na popo wapo wa kutosha. Kuna sehemu mnapita mmeinama kabisa kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu bora abaki nje kivulini.