Kabla hujalipia programu ya kuandikia riwaya, tafuta mlango wa kutokea

Mwanakombo ni fundi cherehani wa Tandale katika riwaya ninayoiandika. Hakati uzi kwa mkasi, anautafuna. Hilo nalikumbuka. Ila mtaa aliokulia kule Pangani, chanzo cha ugomvi wake na wifi yake, na bwana aliyemkopesha cherehani ya kwanza, vyote vimebaki kwenye tovuti niliyoilipia mwaka mzima. Kadi yangu ya benki iliisha muda, malipo yakakataliwa, na asubuhi nikakuta wahusika 64 wamefungiwa. Majina nayaona. Nikibonyeza, naambiwa nilipe.

Kwa hiyo sitapoteza muda kwenye uzuri wa rangi wala yale maswali ya mhusika anapenda nini na anaogopa nini. Kila programu inayo. Mimi nauliza moja tu: siku ukiacha kulipa, maandishi yako unatoka nayo vipi?

Ya kwanza ni Obsidian, na sifichi kwamba naipenda. Kila mhusika ni faili moja la maandishi matupu, na faili hilo liko kwenye simu au kompyuta yako mwenyewe. Programu ikifa kesho, utalifungua kwa kitu chochote kinachofungua maandishi. Ukiliandika jina hivi, [[Tandale]], linageuka kiungo, na ukurasa wa Tandale unakuonyesha kurasa zote zinazoutaja. Nilipofanya hivyo kwa bomba la maji la mtaani kwao, nikaona wahusika wangu watano wanachota hapo hapo, na sikuwa nimeandika hata tukio moja la bombani! Sasa ndiyo sura ya tatu. Haihitaji intaneti, Android ipo, na tangu 2025 hata anayeitumia kwa kazi ya kumwingizia kipato halazimiki kununua leseni. Miongoni mwa vinavyolipiwa ni huduma ya kuoanisha vifaa, nami sijaihitaji. Kila Ijumaa nanakili folda kwenye flashi, basi.

Ya pili ni Scrivener. Unalipa mara moja, takribani dola 60 kwa kompyuta, na ni yako. Kiolezo chake cha riwaya kinakuja na kadi za wahusika na za mahali. Muda wa majaribio ni siku 30 za kuitumia kweli, kwa hiyo ukiifungua siku mbili kwa wiki unakaa nayo wiki 15. Lakini haina toleo la Android, na wengi wetu tunaandikia simu, tena ndani ya daladala.

World Anvil inawafaa wanaobuni ulimwengu mzima, wenye falme, dini na ramani zake. Kwenye akaunti ya bure, ulimwengu wako unaonekana na kila mtu, faragha inalipiwa. Mimi mswada ambao haujachapishwa siuaniki barabarani.

Google Docs ni ya bure na inatosha kuanzia.

Kwa mandhari, usimpe mtu senti. Fungua OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kawaida. Tangu 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi walitembea mitaa ya Dar es Salaam inayofurika, wakachora nyumba, vichochoro na mitaro. Humo ndimo ninamopima kama Mwanakombo anaweza kufika kwa mteja bila kuvuka maji masika. Majina nayatafuta Behind the Name, tovuti ya majina na maana zake, ipo tangu 1996 na ni ya bure, ila nani huitwa Mashaka, na alizaliwa katika hali gani, kamuulize bibi yako.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Bei zote kwa dola, na shilingi ikiyumba ni sisi tunaoongeza. Punguzo wanalipigia ngoma kila Novemba, halafu mwaka wa pili kadi inakatwa bei kamili bila hata ujumbe wa kukukumbusha. Kitufe cha kulipia kiko kila ukurasa. Cha kupakua kazi yako mwenyewe unakitafuta kama sindano. Na tusidhani tovuti zinadumu: NaNoWriMo, ile changamoto ya kuandika riwaya kwa mwezi mmoja iliyokusanya waandishi tangu 1999, ilitangaza kufunga mwaka 2025.

Wale wenye wahusika wangu nimewaandikia mara tatu, nikiomba wanipe faili tu, akaunti waifute. Jibu la mwisho limekuja jana: kiungo cha kulipia.