Nimejifunza kufunga jigi za krapi kwa wazee wa Kentucky, huu ndio uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa maana ndugu zangu wengi hapa Bowling Green, Kentucky, wananiuliza kama yale mafunzo ya kufunga jigi, yaani chambo bandia za kuvulia samaki, yanafaa au ni kupoteza hela. Yanafaa, tena sana. Mimi ni mtu wa Kigoma, nimekua naona watu wanaleta migebuka na kuhe mwaloni kila asubuhi, kwa hiyo ndoana na mshipi sio vitu vya kunishangaza, lakini hii kazi ya kukaa mezani na kufunga manyoya kwenye kindoana kidogo ili samaki aamini ni kisamaki, hii nimeijulia huku Marekani na imenikaa moyoni kuliko nilivyotegemea.

Kwa ambaye hajawahi kumuona, krapi ni samaki wa maziwa na mito ya huku, mwili bapa, rangi ya fedha na madoa meusi, nyama yake nyeupe laini na tamu kweli ukimkaanga na unga wa mahindi. Wapo aina mbili, mweupe madoa yake yamejipanga mistari ya kushuka ubavuni, mweusi madoa yametawanyika tu ovyo, na ukitaka uhakika unahesabu miiba ya pezi la mgongoni, mweupe ana 5 au 6, mweusi ana 7 au 8. Sasa ya muhimu ni mawili. Mdomo wake una ngozi nyembamba mno, ukimvuta kwa nguvu unachanika na samaki kaenda zake. Halafu macho yake yamekaa kwa juu, anatazama juu na anapanda kufuata chakula, cha chini yake hana habari nacho. Wale wazee walianza na hayo kabla hatujagusa hata uzi, dakika nyingi tu wanaongelea mdomo na macho ya samaki, na mimi nikajua hapa nimefika kwa watu wanaojua wanachofanya, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilirudi kwenye hayo mawili.

Mafunzo yanafanyika jioni msimu wa baridi, chumba cha nyuma cha duka moja la chambo njia ya kwenda ziwa la Barren River. Wanaofundisha ni wastaafu, wanaume watatu na mama mmoja, wamevua pale maisha yao yote. Bwawa la hilo ziwa lilikamilika 1964, na mmoja wao anakumbuka bonde lilivyokuwa kabla ya maji, anakuonyesha kwa kidole pale palikuwa na barabara, pale palikuwa na mashamba, yaani ramani yote ya chini iko kichwani kwake. Ada ni dola 25 kwa jioni na vifaa vyote ni vyao, jiliwa ya kubania ndoana, mkasi, bobini (kishikio cha uzi), nyuzi, manyoya, na ulichofunga unaondoka nacho.

Jigi ni ndoana ambayo shingoni imevalishwa kichwa cha risasi, yaani chubwi na ndoana vimekuwa kitu kimoja, halafu kwenye mguu wa ndoana ndio unafunga mkia na mwili. Za krapi ni ndogo hasa, vichwa vya 1/32 ya wakia au 1/16, hiyo ya 1/16 haifiki hata gramu 2. Na waya wa ndoana ni mwembamba mpaka unajiuliza itashika nini. Mama akatueleza, krapi anakaa ndani ya matawi yaliyozama, kwa hiyo jigi yako itanasa utake usitake, sasa waya mwembamba ukivuta taratibu unanyooka unachomoka kwenye mti, unaukunja tena na koleo unaendelea kuvua, ila waya mnene hautoki, mshipi unakatika na jigi inabaki huko chini. Vitu kama hivyo huvipati ukisoma maandishi ya nyuma ya pakiti.

Manyoya ya mkia wanayaita marabuu. Hapo ndo nilipofurahi, maana marabuu ni yule ndege wetu mkubwa mwenye kichwa kipara na mfuko shingoni, anayeshinda majalalani Kampala na Nairobi, na ni kweli zamani manyoya haya laini yalitoka kwake, siku hizi ni ya bata mzinga yanatiwa rangi tu. Nikawaambia huyo ndege mimi nimemuona kwa macho yangu, tena wengi, wamesimama juu ya takataka. Mzee aliyekuwa anafunga akaacha, akaita wenzake, wakataka niwaeleze ana urefu gani, anatembeaje, manyoya laini yako sehemu gani ya mwili (yale meupe ya chini ya mkia). Mtu amefunga marabuu tangu utotoni hajawahi kukutana na mtu aliyemwona marabuu mwenyewe. Tulikaa vizuri sana baada ya hapo.

Sasa kufunga kwenyewe. Unabana ndoana kwenye jiliwa pale kwenye mkunjo, unaanza uzi nyuma ya kichwa na kuuzungusha kwenda nyuma ukiwa umekaza, usipokaza hapo mwanzo kila kitu utakachofunga juu yake kitakuja kulegea na kuzunguka ukifika samaki wa pili au wa tatu. Unachukua unyoya, unaulowesha kwa maji ili utulie, unapima usizidi sana urefu wa mguu wa ndoana, kwa sababu mkia ukiwa mrefu krapi anauma ncha na ndoana haimgusi. Unafunga. Halafu kuna uzi mnene wa manyoyamanyoya unaitwa shenili, unaufunga nyuma pale pale kwenye mkia, unarudisha uzi mwembamba mbele kwanza, ndipo unaizungusha shenili mizunguko inayogusana mpaka kwenye kichwa, unaibana, unakata. Wengine wanaongeza unyoya wa shingo ya jogoo mbele au nyuzi mbili tatu za kumetameta, mama yeye hataki, anasema vinapunguza mwendo. Na mkia ukiwa umezidi usipunguze kwa mkasi jamani, unaubana kati ya kucha mbili unaunyofoa ncha kidogo kidogo, mkasi unaacha ncha butu na kwenye maji inaonekana.

Fundo la mwisho ndilo lililonifanya niseme hela yangu imerudi. Uzi unajizungukia wenyewe na ncha yake inalala chini ya mizunguko, ukivuta hauoni fundo lolote, umekaa laini kabisa. Kuna kifaa cha waya cha kufungia hilo fundo lakini mama hakuturuhusu kukigusa mpaka tuweze kwa vidole vitupu, akawa anazunguka meza, anakushika vidole vyako anavipeleka mwenyewe, hapa legeza, hapa kaza, hapa geuza kiganja. Video za kufunga jigi nilikuwa nimeangalia nyingi tu kabla ya kwenda, nzuri na za bure, lakini video haikushiki mkono, na kiasi gani cha kukaza uzi kabla haujakatika hicho hakionekani kwenye kioo cha simu, kinasikika kidoleni. Ukimaliza unapaka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya uzi, ile ile ya dukani ya akina mama, ikikauka kazi imekwisha.

Jambo jingine lililonibadilisha ni glasi ya maji. Mzee mmoja alifunga jigi mbili zinazofanana, moja ameijaza manyoya imenona, nyingine manyoya kidogo mpaka unaona mwanga unapita katikati, ukiziangalia mezani ile iliyonona ndio nzuri na ndio mteja ataichukua dukani. Akazitumbukiza kwenye glasi kubwa yenye maji, akazishika kwa mshipi bila kutikisa hata kidogo. Iliyonona ikakaa tu, imeganda. Ile nyembamba mkia wake ukaanza kufunguka na kufunga wenyewe, unapumua, na mkono wa mzee umetulia kabisa. Akasema Januari maji yakiwa na baridi samaki hakimbizi kitu, anakisogelea anakitazama tu, kwa hiyo kinachomshawishi ni kile kinachoishi kikiwa kimesimama. Mikia ya plastiki ni mizuri maji yakipata joto, ni rahisi na haina kazi, ila kwenye baridi lazima uitikise ndio icheze. Hiyo glasi ya maji nimeiweka na nyumbani, kila jigi nikifunga naipitisha humo kwanza.

Kwenye rangi wazee wenyewe hawakubaliani na mimi nilipenda kwamba hawakuficha. Mmoja anaapa kwa nyeusi na kijani-njano ile ya kuwaka, anasema maji yakichafuka baada ya mvua hana haja ya nyingine. Mwingine anasema rangi ni ya kumvua mvuvi, samaki yeye anajali kina, jigi ikipita chini yake hata iwe ya dhahabu hajaiona, ikipita juu yake kidogo anapanda. Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi baada ya kwenda ziwani mara kadhaa naegemea kwa huyu wa kina, ila kwenye boksi langu nyeusi na kijani-njano haikosekani.

Walituonyesha pia kupaka kichwa rangi ya unga, unakipasha moto, unakichovya kwenye unga mara moja na kutoa, unayeyuka unashika, halafu unakioka kwenye oveni rangi igande iwe ngumu. Hapa wangetumia muda zaidi kuongelea risasi. Walisema tuoshe mikono basi. Mimi naongeza kwa wenye watoto: risasi ni sumu, oveni ya kuokea hivi vitu isiwe ile ya chakula, meza isiwe ya kulia, na mtoto asiweke jigi mdomoni hata kwa mzaha.

Yasiyonifurahisha yapo. Taa ya kile chumba ni hafifu, na unafanya kazi na uzi mweusi juu ya ndoana nyeusi, macho yanauma. Kasi pia, mzee mmoja anafunga huku anapiga stori na akishika uzi hasimami, ukipotea katikati inabidi umkatize, na kwa mtu ambaye Kiingereza chake bado kinakuja, ukichanganya na lafudhi ya kule mashambani, ni kazi kweli. Nilienda na kijana mmoja wa Uvira nikawa namtafsiria, na nilivyomwambia mama akapunguza kasi meza yote bila kuonyesha kuchoka, kwa hiyo semeni tu, msikae kimya. Vipimo vyote ni inchi na wakia, zoea.

Kitu ambacho sikulipia lakini nimepata ni elimu ya ziwa. Barren River maji yake yanashushwa msimu wa baridi, kwa hiyo wazee wanakwambia nenda Januari utembee kando, utaona visiki na matawi yaliyo wazi, piga picha, maji yakirudi, hapo hapo ndipo samaki watakapokuwa. Idara ya wanyamapori ya Kentucky nayo inakusanya miti ya Krismasi baada ya sikukuu na kuizamisha kwenye maziwa iwe makazi ya samaki, na krapi wanaipenda. Halafu Aprili, maua ya miti ya huku inayoitwa dogwood yakianza kuchanua na maji yamefika kama nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi, krapi wanasogea ukingoni kutaga, dume ndiye anayelinda mayai, na hapo hata mtu asiye na boti anavua akiwa nchi kavu. Nilivua hivyo hivyo, fimbo ndefu, mshipi mwembamba, boya dogo na jigi ya 1/32 niliyofunga mwenyewe inaning'inia imelala mlalo, wazee walitufundisha kila ukitoa samaki usogeze fundo lirudi juu ya tundu la ndoana ili jigi isining'inie kichwa chini, maana kisamaki hai hakikai hivyo. Boya halikuzama, lililala ubavu, maana samaki alipanda na jigi juu. Nisingejua bila wale wazee, ningesubiri lizame. Nilimuinua taratibu kwa sababu ya ule mdomo, na furaha niliyoipata siwezi kuificha, nilipiga kelele peke yangu.

Kwa upande wa hela, jigi zilizofungwa kwa mkono dukani nanunua dola 2 mpaka 3 moja, na ziwa lenye matawi linakula jigi kila siku. Nikifunga mwenyewe haifiki dola moja. Jiliwa ya kuanzia ile ya bei nafuu inatosha, usikimbilie ya bei kubwa, ila mkasi nunua mzuri na uwe wa kazi hiyo tu.

Mkitaka kwenda: wanaanza tena majani yakishaanguka, meza ni ndogo kwa hiyo piga simu mapema, beba miwani yako ya kusomea na taa ndogo ya kuchaji, na ukae upande wa yule mama. Leseni ya kuvua ya Kentucky mwaka wake unaanza Machi 1, kwa hiyo ukikata Februari inaisha mwisho wa mwezi huo huo, subiri Machi ndio ukate.