Fidla ya mtoto: ukodi au ununue?

Habari zenu, karibuni. Hapa mezani nina fidla mbili, zote saizi ya nusu. Ya kushoto nilimnunulia binti yangu mtandaoni, mpya, ikaja kwenye boksi na upinde na kasha lake. Ya kulia ni ya kukodi. Wazazi wananiuliza sana: nimkodie mtoto au nimnunulie? Mimi nasema, kama mtoto bado anakua, kodi. Na sababu yangu kubwa wala si pesa. Sogeeni niwaonyeshe.

Angalieni daraja, hiki kibao chembamba kinachobeba nyuzi. Kwenye hii ya boksi daraja ni refu mno, kwa hiyo nyuzi zimekaa juu sana. Nikibonyeza hapa, mnaona mstari uliobaki kwenye ncha ya kidole changu? Mimi ni mtu mzima. Mtoto wa miaka saba anabonyeza hivyo robo saa nzima.

Sasa vigingi, hivi vinne vya kukazia nyuzi. Havina skrubu. Kinachovishika ni msuguano tu, mti kwa mti, kwa hiyo visipochongwa vikaenea vizuri kwenye matundu yake vinateleza. Nakaza uzi wa A. Umefika. Naachia... mmesikia? Umeshuka tena.

Binti yangu alihangaika nayo miezi mitatu. Tunatyuni, anapiga mistari miwili, imeshaharibika. Jioni moja akaiweka chini akaniambia, "Mama, mimi sina sikio la muziki." Iliniuma, kwa sababu sikio lake lilikuwa zima kabisa. Ndilo lililokuwa likimwambia kwamba noti haijakaa. Nikaipeleka kwa fundi. Kuchonga daraja upya, kurekebisha vigingi na kuweka nyuzi nzuri kungenigharimu zaidi kuliko bei niliyoinunulia.

Hii ya kukodi si mpya, ina mikwaruzo hapa ubavuni. Lakini duka linalojua kazi yake halikodishi fidla kabla fundi hajaipitia, maana ikirudi itatoka tena kwa mtoto mwingine. Daraja limechongwa. Vigingi vinazunguka laini na vinashika. Hicho ndicho ninacholipia.

Kuhusu saizi: ziko 1/16, 1/10, 1/8, 1/4, 1/2, 3/4 na 4/4, ambayo ndiyo kamili. Nusu si nusu ya urefu, jamani. Kiwiliwili cha fidla kamili ni kama sentimita 36, cha hii ni kama 31. Mtoto aiweke begani, anyooshe mkono wa kushoto. Vidole vyake viweze kukizunguka kichwa cha fidla bila kujivuta. Akijivuta, ni kubwa. Tafadhali msichukue kubwa kwa kusema ataikulia. Kifundo cha mkono kinapinda vibaya, shingo inakakamaa, na mazoea hayo kuyatoa baadaye ni kazi kweli.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza uzi ukikatika analipa nani, na mtoto akikua kubadilisha saizi kukoje. Kuna mikataba ambayo sehemu ya kodi inahesabiwa kama malipo ya kununua. Ni nzuri, ila hakikisha fedha hizo zinahamia kwenye saizi kubwa. Piga picha kila mkwaruzo siku unayoichukua.

Kununua nakubali mtoto akishafika saizi kamili, au kama ana wadogo zake watakaoirithi. Ukinunua iliyotumika, chungulia kwenye tundu refu la upande wa kulia, hapa kwenye ubao wa juu: ndani kuna kijiti kimesimama, nguzo ya sauti. Hakina gundi, kinabanwa na mkazo wa nyuzi. Ubao ukiwa na ufa juu ya kijiti hicho, iache. Na ukibadilisha nyuzi, toa mmoja, weka mmoja; ukilegeza zote kwa mkupuo kijiti kinaweza kuanguka.

Sasa nimemwomba binti yangu azipige zote mbili, wimbo mmoja, upinde uleule. Hii ya boksi nimeityuni sasa hivi mkiniona. Haya mama, anza na hiyo.