Stratocaster: kitufe cha sauti kisogezwe

Napiga solo kwenye bendi huku Mwanga, Kigoma, na Stratocaster siibadilishi kwa gitaa lingine. Mwili wake umechongwa vizuri, unapiga sebene mpaka usiku wa manane na mbavu haziumi. Ila umbo hili la 1954 lina kero zake. Kitufe cha sauti kiko karibu mno na nyuzi: kidole kidogo kinakigusa, sauti inashuka sebene ikiwa imekolea, mpiga besi ananitolea macho. Kisogezwe nyuma kidogo tu! Pikapu (kinasa sauti ya nyuzi) ya kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini, nayo, kwa uungaji wa waya wa asili, haina kitufe cha toni. Inakata kama wembe. Watengenezaji waiwekee. Tundu la waya pale mbele wasiliguse, unachomeka bila kupapasa gizani.