Boss RC-505mkII: lupu tano, mikono miwili

Wadau, karibuni tena. Mezani leo nina Boss RC-505mkII, mashine ya lupu, yaani inarekodi kipande cha sauti na kukirudiarudia, iliyotoka 2021 kurithi ile ya kwanza ya 2013. Kuna swali mnaniuliza kila wiki: “Kaka, kwani pedali yangu ya lupu moja ina ubaya gani?” Sikilizeni.

Ina treki tano, yaani njia tano za kurekodi, kila moja na lupu yake. Treki ya kwanza, kayamba, mwendo wa chakacha. Taa ya duara ni nyekundu, narekodi. Nabonyeza tena, imekuwa kijani, inajirudia. Ya pili ngoma. Ya tatu besi ya mdomo. Ya nne kiitikio, kirefu mara nne ya kayamba. Hamsikii kitu kikigongana, maana zote zinafuata kipimo cha ile ya kwanza.

Sasa nazima ngoma, nazima kayamba. Imebaki besi na kiitikio, naimba ubeti juu yake. Halafu ngoma... inarudi! Hapo ndipo watu huacha sahani zao. Kwenye pedali ya treki moja hilo halipo. Ulivyovirundika vimeshaungana kama sukari kwenye chai, labda ufute tabaka la mwisho tu. Mimi treki tano nazitaka kwa ajili ya kupunguza.

Ila lupu ya kwanza, jamani! Ukiifunga kwa kuchelewa kidogo, nyingine zote zinarithi kilema. Harusini Tanga niliwahi kuifunga vibaya, kosa langu mwenyewe. Mashangazi wakawa wanajikwaa kila mzunguko, kama gari linalopita kwenye tuta. Siku hizi nawasha kwanza mdundo wa mashine unihesabie.

Kingine, haina betri. Umeme ukikatika hujahifadhi, lupu zote zimekwenda. Kama mtaa wenu ni kama wangu, beba UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika.

Waimbaji na wapiga midomo (beatbox), hii ni yenu: ina tundu mbili za maiki za XLR, plagi ile ya pini tatu, na kila treki ina kitelezi chake cha sauti. Mpiga gitaa, mikono utaitoa wapi? Wewe tafuta RC-600: treki sita, swichi tisa za miguu, inakaa sakafuni.

Haya, treki ya tano bado tupu. Nani ananipa kigelegele?